Wino wa Kijani

Niliandika kwenye kaunta buku la kwaya tatu,
jalada jekundu, mgongo mweusi,
lilelile la kunakilia somo la anatomia.
Hadi ukurasa wa thelathini na tisa ni mifupa.
Ukurasa wa arobaini likaingia joka.

Nililiita Igulu. Lilikula asali ya Sikonge,
masega mazima pamoja na nyuki wake,
likalala kwenye miombo iliyopukutika, kusini mwa reli,
na moshi wa tumbaku ulilipigisha chafya za moto.
Babu yangu alikuwa Muyeye,
siku za ngoma alicheza na chatu shingoni,
kwa hiyo sikubuni mengi.
Niliongeza mabawa tu.

Mpandaji wake Mwashi, miaka ishirini na moja,
kovu begani, ulimi kama wembe mpya.
Adui yake Ntahondi, mtu wa upande wa ziwa,
na joka lake lenye magamba ya mgebuka
linalonuka mvua hata Agosti.
Vita ilikuwa ya chumvi ya Uvinza.
Mnajua mambo yanavyokwenda:
sura tano wanachukiana,
ya sita inakuja dhoruba, pango moja,
na blanketi moja.

Hosteli yetu pale Kitete ilikuwa na vitanda arobaini na vinane.
Buku likatembea kitanda kwa kitanda,
chini ya mito, ndani ya ndoo za unga,
likarudi na mafuta ya maandazi kwenye ukurasa wa busu
(na ule tu).
Waliandika pembeni. Kalunde, kalamu nyekundu:
“Huyu Ntahondi hana kaka?”
Mwingine, penseli:
“Mbavu tatu zimevunjika na bado anapigana? Rejea ukurasa wa kumi na mbili.”
Na mmoja, wino wa kijani,
mwandiko wa zamani, herufi zenye mikia mirefu:
“Usimuue. Nakuomba.”

Nilikuwa nimeshamuua.
Sura ya kumi na tisa anaanguka juu ya Malagarasi,
maji yanamfunika,
joka lake linazunguka siku tatu bila mtu mgongoni
mpaka mabawa yanaingia baridi.
Nililia nikiandika.
Siwafichi, nilijiona mwandishi kwelikweli.

Wino wa kijani haukukubali.
“Nani aliuona mwili?”
“Mto huo una mafunjo. Mtu hushika mafunjo.”
Wiki iliyofuata, chini kabisa, kwa herufi ndogo:
“Mtu anaweza kuchelewa tu.”

Nikaanza kuwapenda vijana wa maabara mmoja mmoja
kwa kukagua kalamu zilizochungulia mifukoni mwao.
Bluu. Bluu. Nyeusi. Bluu iliyovuja.

Ijumaa moja nikaitwa ofisini kwa Matroni,
Bibi Nyamizi, ambaye funguo zake
tulizisikia kabla hatujamwona,
aliyemfukuza mtu kwa kupaka rangi kucha.
Buku langu lilikuwa mezani.
Ukutani, ratiba ya zamu,
majina yetu yote, na sahihi yake chini:
mikia mirefu,
kijani.

Hakunigombeza. Alifunga mlango,
akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.
“Sura ya ishirini,” akasema, “unaandika lini?”

Ng'ambo ya paa la wodi treni ya Kigoma ilipiga honi.
Alitazama saa ya ukutani,
kisha dirisha,
kisha akajifanya alikuwa anatafuta kitu kwenye droo.
Alichokitoa ni kalamu.

Nikaandika pale pale, nimesimama:
“Mafunjo yalitikisika. Labda ulikuwa upepo.”

Alisoma juu ya bega langu, akihema kidogo.
“Futa upepo,” akasema.